Jina la Shilingi Kumi

Kama kuna mtu Garissa aliyezaliwa na wivu, basi ni Saynab, na yeye mwenyewe hakuwahi kulikataa hilo. Alipokuwa mtoto malishoni, upande wa Dadaab, alimnunia dada yake mwezi mzima kwa sababu kuna ngamia jike aliyekubali kukamwa na dada na kumkataa yeye. Akaja akaolewa na Nuh, dereva wa boza la maji. Nuh alipooa mke wa pili, Saynab hakulia kwa ajili ya ndoa. Alilia aliposikia kwamba bi mdogo amenunuliwa godoro jipya. "Mume kugawanywa, sawa, ndiyo sheria," alimwambia Deka, jirani yake wa sokoni. "Lakini godoro?" Nuh alifariki miaka tisa iliyopita, na mpaka leo hakuna anayethubutu kutaja magodoro mbele ya mjane wake.

Lakini tusimwonee. Mwanamke huyu ameketi kwenye safu ya wauza maziwa ya ngamia kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna anayemfikia kwa kazi. Magari ya kutoka maporini yakishusha madumu asubuhi, yeye hudondosha tone moja mgongoni mwa mkono, hulamba, kisha hukwambia kama maziwa yametiwa maji, yametiwa lini, na kama aliyetia ni mwenye ngamia au dereva. Hakujaaliwa mtoto. Ana chumba kimoja katika mtaa wa Iftin, ana madumu yake sita aliyoyafukiza moshi kwa mkono wake, na alikuwa na kikombe.

Hicho kikombe ndicho kisa chenyewe. Ule ukame mkubwa ulipomaliza mifugo, familia nyingi zilikuja mjini zikajenga vibanda vya fito na matambara nyuma ya Iftin. Sheikh Abdisamad, mwenye msikiti mdogo wa bati mtaani humo, akawakusanya watoto wao kwenye duksi yake wajifunze Kurani. Ilipofika adhuhuri walikuwa wanalala juu ya mikeka, na si kwa usingizi bali kwa njaa. Saynab alipopata habari hizo hakuitisha mkutano. Kesho yake alichukua dumu jeupe la lita kumi, akapita nalo kwenye safu ya wauza maziwa, akimwambia kila mmoja maneno yale yale: "Kikombe kimoja tu. Cha watoto."

Nani atakataa kikombe? Ungeomba lita, ungesikia habari za karo na za mgonjwa hospitalini. Kikombe hakimpunguzii mtu kitu. Dumu lilijaa kabla hajafika mwisho wa safu, na mchana watoto arobaini na mmoja walikunywa uji wa maziwa. Hivyo hivyo siku ya pili, na miaka mitatu ikapita. Mji mzima ukakiita kikombe cha Saynab, na siri yake ilikuwa hapo. Aliwapenda watoto wale kweli, alijua nani ana mafua na nani amepoteza kandambili, lakini alilipenda pia lile neno la mwisho: cha Saynab. Duniani hakuwa na kitu kingine kilichoitwa kwa jina lake.

Mwaka huu jua likawa kali tena na maziwa yakapungua. Aliyekuwa akipokea lita arobaini akawa anapokea kumi na mbili. Kikombe kikawa nusu kikombe. Kisha baadhi ya wanawake wakaanza kuinama na kutafuta kitu chini ya meza kila walipoona dumu jeupe likija. Jumatatu moja Saynab alifika mwisho wa safu akiwa na lita mbili tu, akaenda kuketi kwa Ruweyda apumue.

Ruweyda alikuwa muuza chai kwenye lango la safu ile. Ana miaka ishirini na minne, benchi mbili, jiko la makaa na mdomo. Mdomo ndio uliomletea wateja, kwa sababu chai kila mtu anaweza kupika. Maziwa alinunua kwa Saynab, na alimwita eddo, kama msichana anavyomwita shangazi yake.

"Eddo, lita mbili kwa watoto arobaini?" alisema akichungulia dumu. "Niachie mimi nijaribu kitu."

"Jaribu," Saynab akasema. Alikuwa amechoka, na neno lilimtoka bila kupimwa.

Siku ile ile ikawa. Kulow, dereva wa lori la viazi na vitunguu, alikuwa benchini, na pembeni yake Ogle, dalali wa mbuzi, akimlalamikia. Kosa la Kulow ni moja na linajulikana: ukimpigia simu akuambie yuko wapi, husema, "Nimefika Mororo," yaani yuko ng'ambo ya daraja tu, dakika kumi ataingia mjini. Kumbe bado yuko mbali, Mwingi, anakula nyama. Siku iliyopita Ogle alikuwa amemsubiri darajani kutwa nzima.

"Ogle," Ruweyda akasema, akivuta ndoo tupu ya mafuta ya kimbo na kuitoboa mfuniko kwa kisu, "tia shilingi kumi humu, ya watoto wa duksi, nami nitampa Kulow jina."

Ogle akatia. Ruweyda akageuka, akamtazama Kulow kuanzia kofia hadi viatu, akachukua chaki na kuandika kwenye kipande cha bati jeusi alichokuwa akiandikia bei ya maandazi: NIMEFIKA-MORORO.

Benchi zilipasuka kwa kicheko. Mtu mmoja alimwagikiwa na chai na hakujali. Kulow akasimama, akajifanya amekasirika, kwa lafudhi yake ya Kisomali inayogeuza p kuwa b. "Hii jina ifutwe! Kufuta ni besa ngabi?"

"Kupewa ni kumi. Kufutiwa ni ishirini."

Kulow akatia ishirini, kisha akatia kumi nyingine. "Sasa na huyu Ogle pia apate yake." Na kwa kuwa madalali wa mbuzi hupatana bei kwa kubonyezana vidole chini ya kitambaa ili watu wasijue, Ruweyda akaandika VIDOLE; na kwa kuwa Kulow alikuwa ndiye wa kwanza kulisoma na kulitangaza kwa lafudhi yake, inayogeuza pia v kuwa f, Ogle akatoka pale akiitwa Fidole. Jioni ile mji mzima ulikuwa unamwita hivyo.

Mtu asiyewajua Wasomali atauliza, kuna nini hapo cha kutoa pesa? Kuna mengi. Katika msikiti mmoja utawakuta Mohamed wanane, na utawatofautishaje bila jina la utani? Huyu Masikio, yule Kipara, mwingine Mguu wa Mbuni. Mtu huishi na jina hilo hadi anazikwa nalo, na wajukuu zake hulirithi. Kwa hiyo jina ni jambo zito, na utani wake ni mtamu, na Ruweyda alilijua soko lake. Majina aliyatunga kwa Kiswahili kwa sababu benchi zake zilikuwa za watu mchanganyiko: walimu kutoka Kitui, Waborana wa mikokoteni, askari, wenye maduka. Askari mmoja alimnunulia mkubwa wake jina akanong'onezwa, na papo hapo akatia noti ya hamsini ili lisiandikwe kamwe.

Wiki ya kwanza watoto walikula wali kwa maharage. Wiki ya pili, Alhamisi, wakala supu ya mbuzi. Hakuna aliyehisi ametoa kitu. Watu walitoa kumi kumi zao wakicheka, wakaenda zao wakicheka, wakarudi kesho.

Saynab peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Mwanzoni alijiliwaza kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Atachoka huyu. Watachoka hawa. Lakini hawakuchoka, na wivu ukamwingia kama mchanga kwenye chakula: kila alichotafuna, alikisikia. Kicheko kikipanda kule langoni aligeuza shingo, akamwaga maziwa ya mteja. Alimwonea wivu Ruweyda kwa ujana wake, kwa ile chaki, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, yeye ambaye baada ya miaka ishirini na miwili bado alisema besa na walimu wakitabasamu. Alianza kumuuzia maziwa ya chini ya dumu, yaliyoanza kuchachuka. Ruweyda akaongeza tangawizi, na chai ikasifiwa kuliko ya jana. Hilo nalo lilimuuma.

Akajaribu la kwake. Asubuhi moja alisimama katikati ya safu akatangaza kwamba mtu akitoa shilingi kumi ya watoto, yeye atamwombea dua hapo hapo. Ogle alikuwa anapita.

"Abaayo," akamuuliza, kwa heshima ambayo mtu humwekea dada yake, "hata dua ina bei siku hizi?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini waliosikia walicheka, na Saynab akarudi kwenye kigoda chake na shilingi thelathini, na kumi katika hizo ilikuwa ya Deka, aliyetoa kwa huruma.

Na lipo jambo jingine ambalo hakumwambia mtu, ila mimi naona lisemwe, kwa sababu bila hilo hutamwelewa. Alikuwa anangoja jina lake. Kila mtu pale sokoni alishanunuliwa jina. Deka aliitwa Redio. Hata Dabasso, yule Mborana wa mkokoteni ambaye jicho lake moja lilitobolewa na mwiba zamani, alinunuliwa jina la Kamera, kwa sababu hufumba moja na kukutazama kwa jingine. Dabasso alicheka mpaka akaegemea gurudumu, kisha akatia kumi yake mwenyewe ndooni, akisema hiyo ni ya kuzuia lisifutwe. Saynab alisubiri. Saa nne watu wakijaa benchini alisogeza kigoda karibu na lango, akajifanya anaosha vikombe. Alishakisia litakuwa nini. Huenda Mama Kikombe. Hata kama lingekuwa la kumcheka kidogo, angelikubali.

Halikuja. Mwishowe akampa Deka sarafu ya kumi. "Kaninunulie jina. Usiseme imetoka kwangu."

Deka akaenda, akarudi na ile sarafu kiganjani. "Amekataa," akasema, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. "Amesema hathubutu kumchezea Eddo Saynab. Amesema wewe ni mama wa watoto, huwekwi kwenye bati."

Deka alidhani ni sifa, na ilikuwa sifa. Saynab aliisikia vingine kabisa. Alisikia kwamba amewekwa kando, kama bibi anayepewa mto wa kuegemea harusini huku wenzake wakicheza. "Wote wanachezewa," alijisemea, "ila mimi. Amenichukulia watoto, na sasa hata utani wake ananinyima."

Kilichomaliza mambo kilitokea Alhamisi iliyofuata. Saynab alifika duksini na dumu lake la lita mbili, amevaa diraki safi. Ikran, msichana wa miaka sita ambaye ndiye kipenzi chake, ambaye Saynab alimuuguza surua kwenye chumba chake mwenyewe siku kumi, alitoka mbio mlangoni mikono imefunguliwa. Saynab akainama kumpokea. Mtoto akampita. Nyuma yake alikuwa anakuja Ruweyda na sufuria ya supu.

Saynab alibaki ameinama vile, akajifanya anafunga kandambili.

Alasiri ile, baada ya swala, alimwendea Sheikh Abdisamad. Sheikh alikuwa ameketi kwenye mkeka anatengeneza kibao cha kuandikia cha mtoto, kilichopasuka, maana hata ubao wa duksi hutengenezwa na yeye.

"Sheikh," akaanza, "dini haijakataza watu kuitana majina ya kejeli?"

"Imekataza."

"Basi kwa Ruweyda yanauzwa. Kumi kumi, kama maandazi. Na yanaandikwa kwenye bati watu wote wasome."

Sheikh aliweka nyundo chini. "Nimesikia kuna utani. Mimi nilidhani ni mzaha wa vijana, hakuna anayeumia. Kuna aliyeumia?"

Hapa Saynab angeweza kusema ukweli. Angeweza kusema: mimi. Lakini ulimi hauna mfupa, akasema, "Dabasso. Wamemwita Kamera kwa sababu ya jicho lake. Nimemwona kwa macho yangu, nyuma ya mkokoteni, analia."

Mzee aligeuka. Kule nyuma watoto walikuwa wanalamba vidole. "Unajua chakula cha leo kimetoka kwenye ndoo hiyo," akasema.

"Najua, Sheikh."

"Nikikataza, hawa ndio watakaolipa. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Umekuja kwa ajili ya dini, au kuna jambo lako?"

"Dini tu."

"Basi Mungu ndiye ajuaye," Sheikh akasema, akachukua nyundo yake. Saynab aliondoka akijisikia mwepesi, na njiani akanunua tende.

Asubuhi Sheikh mwenyewe alikuja sokoni. Hakumgombeza Ruweyda, aliongea naye chini chini, akikaa benchini kama mteja. Jina la kumdhalilisha mtu halifai, alisema, na haliwi halali kwa sababu pesa yake inalisha watoto wenye njaa. Jina zuri halijakatazwa. Ruweyda alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Sheikh," akasema, akachukua ncha ya shungi lake akafuta bati lote, Nimefika-Mororo, Fidole, Redio, Kamera, mpaka likabaki jeusi tupu.

Siku mbili alijaribu kuuza majina mazuri. Hayakununuliwa. Nani atatoa shilingi kumi amwite rafiki yake Simba au Mkarimu? Mtu humsifu mwenzake bure, tena akishakufa. Siku ya tatu ndoo ya kimbo ilirudi chini ya meza na bati likarudi kwenye bei ya maandazi.

Saynab alifurahi, tusidanganyane. Alikula vizuri, aliimba akifukiza madumu, na asubuhi alipopita na dumu lake jeupe alitembea kifua mbele. "Kikombe kimoja tu. Cha watoto." Alipata lita mbili na nusu. Aliutia uji maji mengi, watoto wakanywa, wakauliza wali uko wapi. "Wali utakuja," akawaambia. Lakini walikuwa wake tena, na moyo wake ulitulia.

Ulitulia siku nne. Ya tano ilikuwa Jumanne, na Sheikh Abdisamad aliingia sokoni akimtafuta Dabasso. Alimkuta anapakia magunia, watu wamemzunguka wakisubiri mizigo yao. Mzee akamshika mkono mbele yao wote.

"Dabasso, nisamehe. Umelizwa na watu wa mtaa wangu na mimi nikawa sijui."

Dabasso akamtazama kwa lile jicho lake moja. "Mimi? Kulia? Lini, Sheikh?"

"Jina waliloliandika. Nimeambiwa ulijificha nyuma ya mkokoteni ukalia."

"Wallahi, Sheikh, hiyo si mimi." Dabasso alikuwa amechanganyikiwa kwelikweli. "Mimi jina nimelipenda. Nimelipa kumi lisitoke. Hata mke wangu ananiita Kamera."

 Macho ya watu yalianza kutembea, na hayakuhitaji kutembea sana, kwa sababu Deka alimwona Saynab akienda msikitini Alhamisi ile, na Deka hakuitwa Redio bure. Maji yalikuwa yameshamwagika. Saynab aliinamia madumu yake akayapanga upya, makubwa mbele, madogo nyuma, kisha madogo mbele.

Sheikh hakumtazama. "Hukumu haibadiliki," akasema kwa sauti ya kusikika. "Kama hakulia huyu, kesho angelia mwingine. Lakini aliyeniletea machozi ya uongo, ayapeleke mwenyewe kwa Mola wake." Akaenda zake.

Nani alilitunga jina, mpaka leo hakuna ajuaye. Wengine wanasema Kulow, wengine Ogle. Halikuandikwa kwenye bati lolote. Lilijitokeza tu kesho yake, limeshakomaa, kana kwamba lilikuwepo siku zote: Mama Haramu, yule aliyekimbilia msikitini ili majina yaharamishwe.

Mwanzoni Saynab hakujua ni yeye. Alimsikia mteja akimuuliza mwenzake maziwa hayo mazuri ameyapata wapi, na mwenzake akajibu, "Pale kwa Mama Haramu," naye akageuka kutazama ni mwanamke gani huyo. Kisha akaona kidole kilichomwelekea. Kwa muuza maziwa, hebu fikiria, jina gani baya kuliko hilo? Wateja hawakupungua, maziwa yake yalikuwa bado bora, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Hawakumchukia. Walimwita hivyo kwa upole kabisa, wakipatana bei, wakimuulizia mgongo wake. Wanawake waliendelea kumtilia kikombe. "Karibu, Mama Haramu, shika cha watoto."

Alidhani litakwisha baada ya wiki. Halikuisha. Akajiambia kwamba duksini angalau halijafika.

Jumatano moja alikuwa anagawa uji. Watoto walipita mmoja mmoja na vikombe vyao vya plastiki. Ikran alikunywa chake akarudi, akasimama mbele yake vizuri, kikombe amekishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa adabu.

"Mama Haramu," akasema, "naomba uniongeze kidogo."

Wenzake hawakucheka. Hata mmoja. Mtoto wa Kisomali amekulia katikati ya watu wanaoitwa Masikio na Kipara. Kwake jina ni jina. Ikran alikuwa ametumia jina alilolisikia kwa wakubwa, na alilitumia kwa mapenzi.

"Nani kakufundisha kuniita hivyo?" Saynab akamuuliza.

Mtoto akashangaa. "Si ndilo jina lako?"

Saynab akamwongeza uji mpaka ukafurika ukamchoma kidole gumba. Akaendelea kugawa mpaka watoto wote walipomaliza. Kisha akaliacha dumu pale pale, akatoka akashika njia ya sokoni.

Benchi za Ruweyda zilikuwa zimejaa. Kulow alikuwepo, Ogle alikuwepo, walimu wawili, Dabasso ameketi kwenye mkono wa mkokoteni wake. Saynab hakungoja waondoke. Alifungua fundo la shungi lake, akatoa sarafu ya ishirini, akaiweka juu ya meza mbele ya Ruweyda, na akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe.

"Nifutie jina."

Ruweyda aliitazama sarafu. Akafuta mikono yake kwenye aproni, polepole.

"Eddo, biashara hiyo ilifungwa."

"Najua nani aliifunga. Ni mimi. Haikuwa dini." Sauti yake ilikuwa inapanda na yeye aliiacha ipande. "Nilikuonea wifu, Ruweyda. Watoto walikukimbilia wewe. Watu walicheka na wewe. Nikasema uongo kwa mtu wa Mungu, nikawanyima watoto wali. Sasa nimesema mbele ya watu. Chukua besa, futa."

Hakuna aliyemcheka kwa lafudhi yake. Kulow alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Ruweyda aliinua ile sarafu, na kwa muda kidogo Saynab alidhani atainama achukue ndoo chini ya meza. Lakini aliirudisha kwenye kiganja cha mwanamke yule, akavifunga vidole vyake juu yake kwa mikono miwili.

"Ningefuta bure, eddo, wallahi. Lakini la kwangu niliweza kulifuta kwa sababu nililiuza mimi, na watu walikubaliana kwamba likifutwa limefutwa. Hili sikuliuza. Hakuna aliyelinunua. Nitalifutia wapi?"

Saynab alisimama pale.  Kisha akainama mwenyewe, akavuta ndoo ya kimbo kutoka chini ya meza, ikiwa na vumbi kwenye mfuniko, akaisukumiza ile ishirini kwenye tundu. Ililia chini peke yake.

"Basi ni ya watoto," akasema.

Alirudi kwenye kigoda chake akaketi. Deka akamsogezea maji, akayanywa. Muda si muda mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, mgeni, huenda aliambiwa tu aulizie, akaja akipita safu nzima akiita kwa sauti, "Mama Haramu ni nani hapa? Mama Haramu yuko wapi?"

Wauza maziwa wote waliinamisha vichwa. Hakuna aliyeonyesha kidole.

"Ni mimi," Saynab akasema. "Unataka lita ngapi?"